EDTA, DTPA au EDDHA: uchague chuma kipi kwa udongo wako?

Shangazi yangu ana kitalu cha miche ya ndimu na michungwa mashariki ya Unguja, kwenye uwanda, kule ambako jembe halijashuka shubiri moja limeshagonga jiwe la matumbawe. Siku moja alinitumia picha ya chipukizi la mndimu. Majani ya juu, yale machanga kabisa, yalikuwa yamepauka hadi rangi ya siagi, lakini mishipa yake imebaki kijani, imejichora kama mito kwenye ramani. Majani ya chini hayakuwa na neno. Alikuwa ameshamwagia mbolea ya chuma mara mbili kwa vipimo vya pakiti, na wiki tano zimepita bila badiliko. "Mwanangu," akaandika, "dukani wana chuma cha aina tatu, na kile chekundu bei yake inatisha. Ninunue kipi?"

"Shikamoo shangazi. Kabla hujanunua kitu, chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki, uniambie unaona nini."

Baada ya dakika kumi: "Marahaba. Unachemka kama soda."

Basi nikamwambia anunue kile chekundu, na pakiti aliyokuwa nayo ampe jirani anayelima nyanya kwenye mchanga mwekundu usio na chokaa. Kwa mwenye haraka, ushauri wangu wote ni huu: udongo unaotoa povu kwa siki, yaani wenye chokaa, unahitaji EDDHA, kile chekundu. Udongo au maji ya pH (kipimo cha uasidi) iliyo chini ya 6.5 yanatosheka na EDTA, na kulipia zaidi ya hapo ni kumwaga fedha. Katikati, pH 6.5 hadi 7.5, ni mahali pa DTPA. Na kama unapulizia majani tu, EDTA inatosha, wakati mwingine hata salfeti ya chuma ya kawaida.

Sasa nieleze kwa nini. Vileti hivi vitatu, yaani molekuli zinazokishika chuma kisigeuke kutu, vinabeba chuma kilekile. Kinachotofautiana ni namna kila kimoja kinavyokishika, na ukishaielewa hiyo utaweza kuamua mwenyewe hata ukikutana na jina jipya dukani.

Chuma kipo, ila kimefungiwa

Udongo mwingi una chuma kwa asilimia moja hadi tano ya uzito wake. Ni kingi kupita chochote ambacho mti utakihitaji. Tatizo ni kwamba chuma cha udongoni, ioni yenye chaji tatu chanya, hushikwa na haidroksaidi tatu na kugeuka kutu isiyoyeyuka. Kila pH inapopanda kwa 1, haidroksaidi huongezeka mara kumi, na kwa kuwa ni tatu kwa kila chuma kimoja, chuma kilichoyeyuka hupungua mara 1,000. Kutoka pH 5.5 hadi pH 8.5 ni hatua tatu tu kwenye kipimo, lakini kwa mzizi ni kupungua mara bilioni moja.

Chuma si sehemu ya klorofili yenyewe. Katikati ya klorofili kuna magnesiamu. Lakini mmea hauwezi kuitengeneza klorofili bila chuma. Tena chuma kikishakaa kwenye jani la zamani hakihami kwa urahisi kwenda jani jipya, ndiyo maana upungufu wake huanzia juu, kwenye majani machanga. Ukiona njano imeanzia chini, kwenye majani makongwe, fikiria naitrojeni au magnesiamu kabla ya kununua chuma cha aina yoyote.

Gando la kaa

Chuma hakikai peke yake ndani ya maji. Ukiyeyusha salfeti ya chuma, zile fuwele za kijani kibichi, kila ioni ya chuma inazungukwa na molekuli sita za maji. Kila molekuli inaelekeza oksijeni yake kwa chuma na kukipa jozi moja ya elektroni washirikiane. Kifungo cha namna hiyo, ambacho elektroni zote mbili zimetoka upande mmoja, ndicho wanafunzi wetu wanachokiita bondi dativu, na mtoaji wa jozi ndiye ligandi. Aliyeona kwanza kwamba metali ina idadi maalumu ya viti vya kuzungukwa, vilivyopangwa kwa umbo maalumu, ni Alfred Werner, aliyechapisha wazo hilo mwaka 1893 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1913 akiwa Zürich.

Maji ni ligandi dhaifu yenye mkono mmoja. Ikija yenye kushika zaidi, maji yanaondoka. Sasa fikiria ligandi yenye mikono miwili, minne, sita, yote kwenye mwili mmoja. Mwaka 1920 Waingereza Gilbert Morgan na Harry Drew waliipa namna hii ya kushika jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na kutoka hapo likaja neno kileti. Aliyewahi kubanwa na kaa kwenye mikoko hahitaji kuelezwa zaidi.

Tofauti ya mkono mmoja na gando inaonekana wazi kwenye mfano wa nikeli. Ipe nikeli molekuli sita za amonia, yaani naitrojeni sita zilizotengana: logi ya konstanti ya uthabiti (kipimo cha nguvu ya mshiko; kila logi inapopanda kwa 1, nguvu huwa mara kumi) ni 8.6. Ipe molekuli tatu za ethilinidiamini, naitrojeni zilezile sita lakini zimefungwa mbilimbili kwa mnyororo mfupi wa kaboni: logi inapanda hadi 18.3. Aina ya atomu inayoshika ni ileile, idadi ni ileile, lakini uthabiti umeongezeka takribani mara bilioni tano. Sababu ni mbili. Mkono mmoja ukiachia, wa pili bado umeshika, na ule wa kwanza hauna pa kwenda ila kurudi. Pia, molekuli tatu zinapoingia, maji sita yanatoka; vitu vinavyoelea huru vimeongezeka, na maumbile hupendelea hivyo. Wanakemia huiita hiyo entropi.

EDTA: mikono sita na dirisha moja

EDTA ilipewa hataza Ujerumani mwaka 1935 kwa kazi ya Ferdinand Münz. Ina naitrojeni mbili katikati na mikono minne ya kaboksili inayoishia kwenye oksijeni. Jumla sita. Inapokizunguka chuma hutengeneza pete tano, kila pete ikiwa na atomu tano, na ukubwa huo ndio unaokaa bila kujikunja kwa nguvu.

Kwa maelezo hayo mtu angesema chuma kimekwisha kutiwa pingu. Ila kuna jambo moja ambalo lebo haitakwambia. Ioni ya chuma ni pana kidogo kuliko EDTA inavyoweza kuifunika. Upande mmoja unabaki wazi kama dirisha, na hapo hukaa molekuli moja ya maji, ligandi ya saba. Kwenye pH ya chini maji hayo hayana madhara. pH ikikaribia 7.5 yanapoteza protoni na kugeuka haidroksaidi iliyokaa tayari mlangoni mwa chuma. Kutu huanzia hapo.

Udhaifu wa pili ni kwamba EDTA haichagui sana. Inaipenda kalsiamu pia. Kama ulisoma kemia kidato cha tano au cha sita huenda umeshaliona hilo kwa macho yako: unapima ugumu wa maji kwa EDTA, matone yanaanguka, rangi inatoka nyekundu ya mvinyo hadi buluu pale kalsiamu na magnesiamu zote zinapokuwa zimeshikwa. Sifa hiyohiyo inayotusaidia maabara ndiyo inayomponza mkulima wa uwanda. Logi ya uthabiti wa EDTA na chuma ni 25, na kalsiamu ni 10.7. Chuma kinapendwa zaidi, mbali sana. Lakini kalsiamu kwenye ardhi ya chokaa ni umati, na chuma huru ni chembe.

DTPA kwa kifupi

DTPA ni ndugu mkubwa wa EDTA: naitrojeni tatu, kaboksili tano, jumla mikono minane. Chuma hakiwezi kuitumia yote. Mmoja hubaki unaning'inia. Logi yake na chuma ni 28, na kalsiamu 10.8. Yaani imeongeza nguvu kwa chuma mara 1,000 bila kuongeza mapenzi kwa kalsiamu. Aina ya mikono haikubadilika, imeongezwa idadi tu, ndiyo maana faida yake ni ya wastani.

EDDHA: mikono sita, miwili ya aina nyingine

EDDHA ina mikono sita kama EDTA. Walichofanya wanakemia ni kuondoa kaboksili mbili kati ya nne na kuweka fenoli mbili mahali pake. Badiliko hilo dogo limeipandisha logi kutoka 25 hadi 35. Mara bilioni kumi.

Mwaka 1963 Mmarekani Ralph Pearson alipendekeza tuzigawe metali na ligandi kwa ugumu na ulaini. Chuma chenye chaji tatu ni kidogo kwa umbo na kina chaji kubwa. Ni kigumu, na kigumu humtafuta mgumu mwenzake. Oksijeni ya fenoli ikishapoteza protoni inakuwa na elektroni nyingi za kutoa, na inakishika chuma barabara. Kalsiamu ni pana, chaji yake mbili tu, haina kivutio hicho. Logi ya EDDHA na kalsiamu ni takribani 7, chini hata ya EDTA. Kwa hiyo ligandi hii imeongeza mapenzi kwa chuma na kupunguza mapenzi kwa kalsiamu kwa mkupuo mmoja. Tena mikono yake sita inakifunika chuma pande zote sita. Lile dirisha la maji halipo.

Rangi nyekundu nayo inatokana na kifungo hichohicho. Elektroni ya fenoli iko karibu na chuma kiasi kwamba mwanga wa buluu-kijani unatosha kuirusha kutoka kwa fenoli kwenda kwa chuma. Mwanga huo unamezwa, na unaobaki machoni petu ni mwekundu. Kumbuka jaribio la shuleni la kutambua fenoli: tone la kloridi ya chuma, na rangi ya zambarau inatokea papo hapo. Ni tukio la jamii moja. Kwa hiyo wekundu wa unga ule unaotisha bei si rangi iliyotiwa kiwandani. Unakiangalia kifungo chenyewe.

Tuwashindanishe

Hapa ndipo panapoamua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua maji ya udongo yenye kalsiamu miligramu 120 hivi kwa lita. Kwa kila pH tunaweza kukokotoa haidroksaidi imeachia chuma kiasi gani kielee huru. Halafu tunaiuliza kila ligandi: kati ya chembe hizi za chuma na umati huu wa kalsiamu, utamshika nani?

EDTA kwenye pH 6.5 inajibu chuma, kwa uwiano wa saba kwa moja hivi. Kwenye pH 7 jibu limegeuka, kalsiamu inaongoza mara nne au tano. Kwenye pH 8.3, ambayo ndiyo pH ya udongo wenye chokaa huru kama ule wa shangazi, kalsiamu inashinda zaidi ya mara 30,000. Mbolea yake haikuwa mbovu. Ilibadilishana tu: ikaachia chuma, ikashika kalsiamu, na chuma kikawa kutu ndani ya udongo uliokwisha kujaa kutu.

DTPA inahimili hadi pH 7.5, chuma bado kinaongoza mara nne hivi. Kwenye 8.3 inashindwa, mara 50 au zaidi kidogo. Si kushindwa kwa aibu kama kwa EDTA, ila kushindwa ni kushindwa, mti hauli uwiano.

EDDHA kwenye pH 8.3 inamchagua chuma kwa mamia ya mamilioni kwa moja.

Hesabu hii ni makadirio. Nimeacha mambo madogomadogo, kama vile ile haidroksaidi inayokaa dirishani mwa EDTA. Lakini angalia jinsi inavyoangukia palepale ambapo mabwana shamba wameweka mipaka yao ya 6.5 na 7.5. Na inaonyesha jambo ambalo watu wengi hulichanganya: kalsiamu peke yake haikitoi chuma kwenye EDTA. Inahitaji haidroksaidi ikivute chuma upande wa pili. Ndiyo maana wenye vitalu nyumba huweka chuma cha EDTA au DTPA kwenye tangi moja na kalsiamu naitreti bila matatizo, mradi mmumunyo uwe na uasidi kidogo. Tangi la asidi kali ndilo la kuepuka: pH ikishuka sana, protoni huikalia mikono ya ligandi, na chuma kinaachwa.

Mshiko usiolegea ungemnyima mti

Swali zuri alilouliza shangazi baada ya kusikia hayo: kama EDDHA inashika hivyo, mti unakipataje chuma?

Mndimu, mchungwa, nyanya, maharage na mimea mingi ya majani mapana ina kimeng'enya kwenye ngozi ya mzizi kinachokipa chuma elektroni moja. Chaji inashuka kutoka tatu hadi mbili. Chuma cha chaji mbili ni laini zaidi na kipana zaidi, na ligandi haikitaki tena kwa nguvu ileile: kwa EDTA logi inaanguka kutoka 25 hadi 14. Gando linalegea, mzizi unakichukua chuma, na ligandi inarudi udongoni mikono mitupu, tayari kubeba kingine. Mahindi na mtama vina njia nyingine. Jamii ya nyasi hutoa mizizini ligandi zao wenyewe zenye mikono sita, familia ya asidi ya mujineiki iliyogunduliwa na Wajapani kwenye shayiri, na kumvuta chuma moja kwa moja. Mwenye mahindi kwenye udongo wa kawaida asikimbilie EDDHA. Mimea yake ina kemia yake.

Salfeti ya chuma je? Ina chuma asilimia 20 kwa uzito, ni ya bei nafuu kuliko zote, na kwenye udongo wenye chokaa huwa kutu haraka sana, maana mlinzi wake ni yale maji sita tu. Itumie kwenye udongo wenye asidi, au ipulizie majani ikiwa mpya, jioni, kwa mmumunyo mwepesi. Kwenye majani hakuna kalsiamu ya kushindana nayo wala chokaa, kwa hiyo EDDHA hapo haina kazi ya kufanya, na itakuachia madoa mekundu kwenye matunda. Wauzaji wa busta, zile mbolea za kupulizia, hawatalisema hili. Ila kupulizia ni huduma ya kwanza. Chipukizi jipya litakalotoka wiki mbili baadaye litakuwa njano tena kama mizizi haijapata chuma.

Kusoma pakiti

Asilimia ya chuma ni tofauti. EDTA huwa na 13, DTPA 11 ikiwa ya unga na 6 ikiwa ya maji, EDDHA 6. Ukitaka lita 1,000 za maji ya haidroponiki (kilimo bila udongo) zenye chuma miligramu 2 kwa lita, unahitaji gramu 2 za chuma halisi, yaani gramu 15 za EDTA, au 18 za DTPA ya unga, au 33 za EDDHA. Linganisha bei kwa gramu ya chuma, halafu jiulize swali la pili: gramu ngapi kati ya hizo zitaufikia mzizi? Kwa shangazi, EDTA ilikuwa nafuu kwa gramu na ghali kwa jani.

Kwenye EDDHA kuna mtego. Lebo nzuri, hasa za mbolea kutoka Ulaya, huandika namba mbili: chuma chote 6%, kisha "o-o" 4.8%, au 4.2%, au chini zaidi. Herufi hizo zinaeleza mahali mkono wa fenoli ulipo. Kwenye umbo la o-o, fenoli zote mbili ziko upande wa karibu, zinakifikia chuma. Kwenye umbo la o-p, moja iko upande wa mbali wa pete. Ina uwezo wa kushika lakini haifiki. Mikono imebaki mitano, kiti cha sita kinakaliwa na maji, na ule udhaifu wa EDTA unarudi kwa mlango wa nyuma. Wekundu upo, jina ni lilelile, bei imeshuka kidogo, na nguvu imeshuka sana. Pakiti ya EDDHA isiyotaja o-o iache dukani. Ningemshauri hata adui yangu hivyo.

Kama unataka kuona kwa macho badala ya kuniamini, fanya nilivyofanya. Nilipanga mitungi minne ya kioo, maji ya kisima, vijiko viwili vya mchanga mweupe wa pwani wa matumbawe yaliyosagika, na kila mtungi chuma cha aina yake. Niliiweka kabatini, maana jua huivunja EDTA na DTPA zikibeba chuma. Hata tangi la mbolea ya matone lifunikwe. Mtungi wa salfeti ulikuwa chai ya rangi jioni ileile, na kesho yake tope la kutu limelala chini. EDTA ilianza na manjano safi, kisha siku kadhaa baadaye mchanga ukashika utando wa rangi ya kahawia na maji yakapauka. DTPA ilikwenda njia hiyo hiyo kwa mwendo wa polepole zaidi. Wa EDDHA ulikuwa bado mwekundu kama sharubati ya rozela, na mchanga chini yake mweupe.

Mambo mawili ya pembeni

La kwanza ni visima. EDTA huoza polepole sana kwenye mazingira, na ikishaachia chuma haikai bure. Hushika metali nyingine, hata risasi, na kushuka nazo. Kwenye uwanda udongo ni mwembamba na jiwe lina nyufa, mvua ya asubuhi iko kisimani jioni. Kumwaga EDTA mara tatu na nne pale ambapo haiwezi kufanya kazi ni kupeleka gando tupu kwenye maji ya kunywa. Kwangu hii ni sababu kubwa kuliko fedha.

La pili ni kwa jamaa walioko Oman wenye mashamba ya ndimu. Udongo wenu wa chokaa unahitaji EDDHA kwa sababu zilezile. Lakini kama matawi yanatoa vichaka vya vijani vidogo vilivyosongamana kama ufagio, huo ni ugonjwa wa ndimu unaosambazwa na wadudu, na hakuna ligandi itakayouponya. Tazama umbo la tawi kabla ya kutazama rangi.

Shangazi alinunua EDDHA ya o-o 4.8, akayeyusha kwenye ndoo jioni, akaimwaga pembeni ya shina kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa, kisha akamwagilia kidogo ili ishuke kwenye mizizi. Nilimkataza kuyahesabu majani ya zamani; mengi hayarudi kijani kamili. Afunge uzi kwenye chipukizi la juu kabisa, na alitazame litakalotoka juu ya uzi. Wiki ya tatu alinitumia picha nyingine. Chini ya uzi majani ni yale yale ya siagi. Juu ya uzi kuna majani manne, madogo bado, na mishipa huwezi kuitofautisha na jani.